Sauti ya Viti vya Nyuma

Haupiti mwezi bila mtu kuja dukani kwangu kuniuliza kama inafaa kuweka saraundi, yaani spika za kuzunguka, ndani ya gari. Wiki iliyopita alikuja kijana wa Probox, akaegesha mahali pekee penye kivuli, akanisukumia simu usoni nione picha. "Mzae, nataka spika saba," akasema. "Sauti inizunguke, msee akiketi nyuma ajiskie yuko ndani ya shoo. Inaweza, ama ni kuchoma pesa tu?" Nikampa jibu ninalowapa wote. Nyumbani unaketi katikati ya chumba, lakini ndani ya gari dereva amebanwa mlangoni, spika moja iko gotini kwake na nyingine iko mbali upande wa pili, kwa hiyo sauti haimzunguki, inamwegemea tu. Ongeza mngurumo wa injini, ongeza madirisha yaliyofunguliwa kwa sababu ya joto letu, ongeza vumbi linaloingia kwenye karatasi za spika na barabara inayolegeza kila skrubu. Nunua mbili nzuri, uziweke mbele, na pesa zitakazobaki ununulie watu wa nyumbani nyama. Kijana alinitazama kama mtu aliyekwenda kwa daktari akaambiwa anywe maji. Yote niliyomwambia ni kweli. Lakini nina duka na nina watoto wanaosoma, na mtu akija kuchoma pesa zake kwangu ningemwachia achome, kama si jambo moja lililotokea mwaka wangu wa kwanza katika mji huu. Tangu mwaka ule sijamfungia mtu yeyote spika za kuzunguka.

Siku ya Jumanne rafiki yangu Dahir alifariki. Mwanawe mkubwa alinipigia simu saa nne asubuhi. "Adeer, aabo ametuacha," akasema, yaani ami, baba ametuacha, kisha akaniambia wangemzika baada ya swala ya adhuhuri. Nilifunga duka nikaenda. Tulijuana zaidi ya miaka ishirini, tukala sahani moja mara zisizohesabika, na miaka yote hiyo nilikuwa nimekalia maneno ambayo yalikuwa yake. Nilijiambia nitamwambia tukizeeka. Tukazeeka. Nilijiambia nitamwambia akiugua, maana mgonjwa husamehe upesi, naye akaugua siku tatu tu. Nilisimama makaburini na udongo mkononi, na katikati ya huzuni yangu nilijua kwamba sehemu moja ya nafsi yangu ilikuwa imepumua, kwa kuwa sasa sikulazimika tena kumwambia. Niliona haya kwa hilo kuliko kwa jambo lenyewe.

Mwaka ule wa kwanza nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilifika Garissa na sanduku la vifaa, nikapata kazi katika gereji ya Mzee Bare kule mtaani Iftin, mzee mrefu mwenye ndevu zilizotiwa hina ambaye alijua injini kwa kuinusa lakini waya mmoja ukimwonyesha rangi mbili alikuwa anakasirika. Nyaya zote akaniachia mimi. Chumba changu kilikuwa nyuma ya gereji, kimetengwa na sebule yake kwa ukuta wa mbao uliobandikwa magazeti, na kupitia ukuta huo ndiko nilikojifunzia Kisomali. Asubuhi mkewe alinipitishia anjera tatu, ile mikate laini ya Kisomali, na chai ya maziwa ya ngamia, yenye harufu ya moshi wa kibuyu. Mwezi wa kwanza nilikuwa naimeza nikiwa nimeziba pumzi, mwezi wa tatu nikaanza kuulizia kama imebaki. Mchana ulikuwa wali na nyama ya mbuzi na ndizi mbivu pembeni. Siku za sikukuu aliniwekea nyirinyiri, ile nyama ya ngamia iliyokaushwa na kukaangwa ndani ya samli, kwenye kopo ambalo nililificha chini ya kitanda nisije nikalazimika kumgawia mtu. Nilikuwa mchoyo wa chakula, na nadhani nilikuwa mchoyo wa mambo mengine pia.

Kilichonishangaza zaidi katika sebule ile ni kaseti. Simu zilikuwa zimeanza kuonekana mjini, lakini kwa watu wenye ndugu ng'ambo ya mpaka, na kwa wale wa kambi za Dadaab, barua ilikuwa bado ni kaseti. Mtu aliketi mbele ya redio ya stereo yenye maikrofoni mbili, akabonyeza kurekodi, akaongea upande mzima: salamu kwa kila jina, mbuzi waliozaa, waliokufa, waliooana, mashairi ikiwa anayajua. Kaseti ikafungwa kwa kitambaa na uzi, ikapita mikono mitano au sita mpaka ikafika. Alasiri nilikuwa namsikia mke wa Bare upande wa pili wa ukuta akimsikiliza dada yake, na akimjibu kana kwamba yuko pale. "Haye, abaayo. Haye. Na mtoto je?" Halafu kimya, kwa sababu kaseti ilikuwa imeendelea na habari nyingine. Kimya kile kilikuwa kinanifanya nisogee mbali na ukuta.

Siku yangu ya kwanza Bare aliniketisha juu ya gurudumu akanipa sheria ya gereji. "Kaseti ya mtu ni amana," alisema kwa lafudhi ya Kisomali, ambayo mara nyingi hugeuza p kuwa b na v kuwa f. "Yule anabeba hafungui. Yule anatengeneza hasikilizi. Ukitaka kujaribu redio, mimi nitakuba muziki. Umenielewa? Fundi ya kabla yako alisikiliza." Sikuhitaji kuuliza kilichompata, maana mji mzima ulikuwa unajua. Alikuwa amesikiliza barua ya mteja kuhusu msichana aliyekuwa anaombwa mahari na nyumba mbili kwa wakati mmoja, akaisimulia mahali pa chai. Watu walipigana kwa bakora siku hiyo hiyo, naye akaondoka Garissa juu ya lori la ng'ombe bila kuchukua hata viatu vyake vya kazi. Viatu hivyo nilirithi mimi. Vilinitosha vizuri.

Dahir aliendesha Land Cruiser ya abiria kutoka Garissa hadi Mandera na kurudi, kila baada ya wiki mbili. Alikuwa kijana mwenye umri kama wangu, mcheshi, mwenye kuvaa kikoi kilichopigwa pasi hata safarini. Mama yake alikuwa upande wa Somalia, mwendo wa siku mbili kutoka Mandera, pamoja na dada yake Uba. Barabara ya kule ilikuwa na watu wenye bunduki waliochukua magari, na katika kila kaseti mama yake alimkataza kwenda. Asubuhi moja aliingia gereji akiwa bado na vumbi la njia. Spika yake ya pekee ilikuwa imekufa karibu na Habaswein, akiwa amesikia salamu tu za barua mpya. "Fundi, mimi nimechoka na sbika moja kama redio ya duka," akaniambia. "Weka nne. Mbele, nyuma, sauti inizunguke. Mama akiongea nataka nisikie ako ndani ya gari na mimi. Unaweza?" Nikamwambia naweza. Kijana wa miaka ishirini na minne anaweza kila kitu. Nilimwambia arudi alasiri.

Redio yake haikuwa na matundu ya spika za kuzunguka, lakini nilikuwa nimefundishwa ujanja mmoja na mzee wa Kihindi niliyemfanyia kazi Nairobi. Spika za mbele unazifunga kawaida, ya kushoto kwake na ya kulia kwake. Za nyuma huzipi njia yao. Unachukua waya mmoja kutoka chanya cha kushoto na mmoja kutoka chanya cha kulia, unazifunga kati ya hivyo viwili. Sauti inayotoka sawasawa pande zote mbili, kama ya mwimbaji anayesimama katikati, inajifuta yenyewe, na kule nyuma kinabaki kile tu ambacho hakikulingana: mwangwi wa ukumbi, makofi, mtu aliyekohoa pembeni. Kwa muziki inapendeza sana. Unahisi ukuta wa nyuma wa gari umeondolewa.

Nilimaliza wakati wa adhuhuri. Bare na wengine wote walikuwa wamekwenda msikitini, na mimi Mkristo nikabaki peke yangu na gari, madirisha yamefungwa ili nipime sauti, jasho likinitiririka mpaka kiunoni. Nilipounganisha betri, kaseti iliyokuwa ndani ya redio ikaanza kuzunguka yenyewe. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, yenye nguvu, karibu sana na mashine. Hapo nilipaswa kuitoa. Kaseti ya muziki ya Bare ilikuwa mapajani mwangu. Lakini fundi akisikia sauti safi ya mtu mmoja anajua hakuna kipimo kizuri kuliko hicho, na nikajidanganya kwamba nitasikiliza sauti bila kusikiliza maneno. Mama alikuwa akisema yeye mzima. Amekula, amelala, mbuzi wanne wamezaa, mvua bado. Nikageuza kitufe nilichofunga cha kugawa sauti mbele na nyuma, nipeleke yote nyuma, nione kama spika zile zinafanya kazi.

Mama alitoweka. Na mahali pake, nyuma ya shingo yangu, mwanamke mwingine akanong'ona, "Dahir."

Niligeuka. Kweli niligeuka, nikatazama kiti cha nyuma, na mkono wangu ulikuwa tayari juu ya mlango. Hakukuwa na mtu. Mnong'ono ukaendelea, mwembamba, wa haraka, wa mtu aliyeweka mdomo ubavuni mwa mashine ili mzee anayeongea mbele yake asimsikie. "Dahir, usimsikilize. Ana uvimbe tumboni. Hali chakula, halali usiku. Ametukataza tusikwambie. Njoo kabla ya mvua. Ndugu yangu, njoo." Halafu tena, "Njoo." Kisomali changu hakikuwa kikubwa, lakini hayo yalikuwa maneno ya kila siku, maneno niliyoyasikia kila alasiri kupitia ukuta wa mbao. Nilirudisha sauti mbele: mama, mzima, mbuzi wanne. Nilipeleka nyuma: njoo. Nilifanya hivyo mara tatu. Mbele, hata ningebandika sikio, nisingeweza kumsikia yule wa pembeni, kwa jinsi mama alivyomfunika.

Nilikuwa na muda wa saa moja hivi. Nimejitetea kwa saa hiyo maisha yangu yote, kwa hiyo acha niiseme ilivyokuwa. Nilifikiria kwamba mama mwenyewe hakutaka mwanawe ajue, na barua ni yake. Nilifikiria barabara ile na watu wenye bunduki, na Dahir akiuawa kwa sababu ya nyaya zangu. Hayo niliyafikiria, lakini yalikuja baadaye. La kwanza kabisa lilikuwa lori la ng'ombe. Nikiziacha spika zilivyo, Dahir angesikia, angelia, na angejua kwamba fundi aliyekaa ndani ya gari hili akizipima alimsikia dada yake kabla yake. Na Bare angenitazama tu. Nilichukua koleo, nikakata waya za nyuma, nikazifunga upya kwa njia ya kawaida, kushoto na kushoto, kulia na kulia. Kisha nikairudisha kaseti pale nilipoikuta. Kazi yote hiyo niliimaliza kabla watu hawajatoka msikitini, na ilikuwa kazi safi.

Dahir alikuja alasiri. Nikampigia muziki wa Bare, akacheka, akapiga usukani kwa viganja. Halafu akaniomba nishuke, kama ilivyo desturi, afunge madirisha asikilize barua yake. Nilisimama nje nikijifanya napanga spana. Kupitia kioo nilimwona ameegemeza kichwa nyuma, macho ameyafumba, anatabasamu, na mara moja alisogeza midomo kumjibu. Uso wake ulikuwa wa mtoto. Alipotoka alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Fizuri sana, fundi," akasema. "Nimesikia kama ako bembeni yangu. Anasema yeye mzima." Nikamjibu, "Alhamdulillahi," neno ambalo hata halikuwa la dini yangu.

Mvua zilikuja. Dahir alikwenda Mandera na kurudi, akaenda na kurudi, na kila mara alifika umbali wa siku mbili kutoka kwa mama yake. Kila aliporudi alipita gereji kunisalimu, na kila alipopita nilikuwa na maneno mdomoni. Mara moja nilianza. "Dahir, mama yako..." Akanikatiza kwa furaha, "Mama atakusalimu akijibu. Nilirekodi nikamwambia juu ya sbika zako." Nikarudi kwenye spana zangu. Safari iliyofuata hakuja gereji. Nilimkuta nyumbani kwao amekaa kwenye mkeka, kikoi chake kimekunjamana, wanaume wakiingia kumpa pole. Mama yake alikuwa amekufa wiki tatu nyuma na alishazikwa. "Kifo cha ghafla," aliniambia mimi, akinitafuta macho ili nikubali. "Alikuwa mzima, wewe unajua. Alisema beke yake." Nilikubali. Tangu siku hiyo nilijishikilia kwenye neno lile, ghafla. Nilisema, ona, mtu huyu hajilaumu. Nyaya zako zimempa amani.

Na kwa kweli hakujilaumu. Alioa, akapata watoto wanne, akauza gari, akafungua duka la nguo. Jambo moja tu lilimsumbua, na alikuwa akilileta tukiwa tunakula. Dada yake hakuongea naye. Alimtumia salamu kwa kila msafiri, akamtumia nguo za sikukuu, zikarudi zikiwa zimekunjwa vilevile. Simu zilipofika kule akampigia, na Uba akisikia ni yeye anakata. "Nimemkosea nini Uba?" aliuliza. "Nikiuliza watu wananiambia, anasema unajua mwenyewe. Mimi sijui, wallahi. Fundi, wewe ukiwa na dada, ungejua?" Nilimwambia wanawake wa familia wana mambo yao. Nikachukua nyama iliyokuwa upande wangu wa sahani. Naandika hili kwa sababu sitaki mtu asome akidhani sikuelewa. Nilielewa miaka mingi iliyopita, na niliendelea kula.

Siku ya tatu ya matanga nilikuwa nimekaa chini ya turubai pamoja na wanaume wengine, chai imewekwa, sheikh amemaliza kusoma. Mwana mkubwa wa Dahir akaja akainama sikioni kwangu. "Adeer, shangazi amefika kutoka kule. Anauliza fundi ya gari ya aabo, ile ya zamani. Anataka kuongea na wewe." Alinipeleka sebuleni. Mwanamke mwenye jalbabu nyeusi alikuwa ameketi sakafuni karibu na mlango, amechoka na safari, miguu imevimba. Sikuwahi kumwona maishani. Alipofungua mdomo kunisalimu, nywele za shingo yangu zilisimama, kwa sababu nilikuwa naijua sauti ile na nilijua ilikuwa inatoka wapi. Hata sasa, mbele yangu kabisa, niliisikia kutoka nyuma.

Hakujua Kiswahili kingi, na alikitafuta neno kwa neno. "Wewe ulitengeneza redio ya Dahir?" Nikamwambia ni mimi. "Ilikuwa nzuri?" Ndiyo, nikasema, ilikuwa nzuri. Alitazama mikono yake. "Kaseti ya mwisho ya mama. Mimi nilikuwa hapa," akagusa hewa ubavuni mwa mashine isiyokuwepo, "mama hapa. Niliongea bolebole. Nilimwambia njoo. Nikangoja mfua, nikangoja baada ya mfua. Mama alikufa anatazama mlango, na yeye alikuwa Mandera, siku mbili. Nikasema, amenisikia na amekataa. Miaka yote nimesema hifyo. Sasa nimekuja, wamemzika. Watoto wake wananiambia kila Idi alilia kwa ajili yangu." Akainua uso. "Mtu ambaye amesikia na amekataa, analia kwa nini? Niambie wewe. Alinisikia?"

Ningeweza kumwambia sijui. Fundi hasikilizi kaseti za watu, na mji mzima ungenishuhudia. Kwa mara ya pili maishani mwangu nilipewa nafasi ya kufunga nyaya upya kabla watu hawajarudi, na nakiri kwamba niliitazama.

"Hakukusikia," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyekusikia."

Hakulia wala hakunilaani. Alinitaka nirudie kwa Kisomali, nikarudia. Alifunika mdomo kwa kiganja. Kisha akamwambia yule mwana wa Dahir awaite ndugu zake wote waje waketi, na akaniambia nianze tangu mwanzo, polepole, nisiruke kitu, kwa sababu walikuwa na haki ya kujua ni nani aliyewanyima shangazi yao. Waliingia wakakaa kwa mstari, mdogo wao akiwa na vikombe vya chai bado mkononi. Nikaanza kuongea.